Vidole Vinajua, Lakini Havisemi

Hapa Goma mtu akisikia neno "noti", anafikiria kwanza dola. Anaigeuza, anaiangalia kwenye mwangaza, anatafuta kama imepasuka kidogo pembeni, maana ikiwa na tundu hata dogo wauzaji wa Birere wataikataa. Noti ya pesa tunaijua kwa sura, kwa namba na kwa mwaka. Lakini noti ya gitaa, ile inayolia chini ya kidole kila Jumapili kanisani, kila harusi na kila matanga, hatuijui hata jina. Uliza mpiga gitaa wa mji huu, tena yule mwenye kusifiwa: "Pale umeweka kidole, ni noti gani?" Atacheka, kisha atakujibu: "Miye sijue majina. Vidole byangu njo binajua."

Jibu hilo linapendeza. Watu wanapiga makofi. Sisi wenyewe, katika shirika letu, tulilipigia makofi miaka mingi. Leo tunataka kulipinga waziwazi, kwa sababu tumeona kile linachotuletea.

Tumeona nini? Mwezi wa kwanza wa 2025, vita vilipoingia ndani ya mji, watu wengi walitawanyika. Kati yao alikuwa mzee mmoja mpiga gitaa, mtu wa nyimbo za zamani, ambaye sisi tulimwita Papa tu. Aliondoka na mfuko mmoja wa nguo. Gitaa yake ilibaki. Alibaki pia kijana aliyekaa naye miaka mitatu, jioni kwa jioni, akiangalia mkono wake. Baadaye tukapata msiba katika shirika, tukataka wimbo mmoja wa Papa upigwe usiku wa matanga. Wimbo ulikuwa na sehemu tatu. Kijana alijua mbili. Ile ya tatu alikuwa ameisikia, hakuwa ameikamata. Tukampigia Papa simu, sauti ikawekwa juu, sisi wote tumezunguka.

"Papa, kisha pale mkono unaenda wapi?"

"Unapanda, mwanangu. Pale nilikuonyeshaka."

"Wapi, Papa? Kwa uzi gani?"

"Ule mwembamba. Hapana, ule unafuata. Weka kidole pale panalia muzuri. Unasikia?"

"Penye kulia muzuri ni pengi, Papa."

"Basi ungojee. Nikirudi nitakuonyesha."

Usiku ule wimbo ulipigwa na sehemu mbili. Papa hakurudi. Alifariki kule alikokuwa, na sehemu ya tatu amekwenda nayo.

Mtu asituambie kwamba Papa alikuwa mchoyo. Alitaka kutoa, lakini hakuwa na chombo cha kutolea. Mtu atasema: angeimba basi kwenye simu. Aliimba! Lakini gitaa yake ilikuwa inatoa sauti mbili kwa mara moja, moja ya dole gumba na nyingine ya kidole cha shahada, na kinywa cha mtu kinatoa moja tu. Kama wawili hao wangekuwa na majina saba, do mpaka si, Papa angesema: "Uzi wa si, panda mpaka sol, shuka mi, rudi re, dole gumba libaki kwa la." Maneno hayo yanapita hata kwenye mtandao mbaya wa simu. Kijana angeyaandika kwa bike juu ya kiganja.

Ndiyo maana tunasema: kujifunza noti zote za shingo ya gitaa, jina kwa jina, nafasi kwa nafasi, ni kazi ya kulinda mila. Na yule anayekataa majina hayo kwa jina la mila anasaidia kuizika. Tunajua neno hili litawachoma wengi. Kwa hiyo tujibu sababu zao, moja kwa moja.

Sababu ya kwanza wanayotoa: majina hayo ni mambo ya wazungu. Ni kweli, do-re-mi ilitoka mbali. Mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, aliitengeneza karibu miaka 1000 iliyopita, akichukua silabi za mwanzo za mistari ya wimbo mmoja wa kanisa. Lakini tuangalie alifanya vile juu ya nini. Waimbaji wake walikuwa wanapoteza miaka wakirudilia sauti ya mwalimu. Mwalimu asipokuwapo, wimbo mpya hawauwezi. Alitaka mtoto aweze kuimba kitu ambacho hajawahi kusikia kwa mtu. Huo si ugonjwa wetu sisi? Papa hayupo, wimbo hakuna.

Tena, kama kutoka mbali ni kosa, tuanze kwa kuitupa gitaa yenyewe, maana ilifika Kongo kwa meli na kwa reli. Kisha tutupe na Kiswahili hiki tunachoandikia, kilichokuja huku na misafara ya pwani. Hatukukitupa. Tumekipinda, tumekiongezea, tumekifanya chetu mpaka mtu wa pwani akitusikia anacheka. Majina ya noti nayo yatapindwa hivyohivyo. Na kumbe yako kwetu siku nyingi: korali zetu zinaimba do-re-mi tangu wakati wa babu zetu. Kijana yuleyule anayekataa noti kwenye gitaa Jumamosi, Jumapili asubuhi anasimama katika sauti ya tenori anaimba sol-sol-la-sol bila aibu.

Sababu ya pili: wakubwa wetu hawakujua majina, na walipiga vizuri kuliko sisi. Hapa wanatutajia Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, na sisi tunafurahi akitajwa. Mwenda alizaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akamrekodi. Masanga, ule wimbo uliomtangaza, ulitoka kwenye kazi hiyo. Alipiga kwa vidole viwili tu, dole gumba na shahada, na mtu asiyemwona anafikiri wako wapigaji wawili. Alifika mpaka Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya wakachukua kwake. Pamoja naye walikuwako Losta Abelo na Edouard Masengo. Waliimba kwa Kiswahili, sawa sisi. Hao ndio wazee wa gitaa ya upande huu wa Kongo, hata kama redio zetu zimekaa zikitupigia Kinshasa tu.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu mmoja, David Rycroft, aliandika noti za gitaa ya Mwenda, moja moja, katika jarida African Music lililokuwa linatolewa Afrika Kusini. Mwaka 1982 kikatoka kitabu cha John Low, mzungu mpiga gitaa, aliyekwenda Shaba kuwatafuta wazee hao na kujifunza kwao. Kwa hiyo mwanafunzi wa ng'ambo akitaka kujua Mwenda aliweka kidole wapi, anafungua karatasi. Kijana wa Ndosho anafungua nini? Hakuna. Anaambiwa "vidole binajua". Vidole vya nani? Mwenda alifariki mwaka 1990. Wimbo wa mtu wetu unajulikana kwa majina nje, na kwetu unajulikana kwa kubahatisha. Kama jambo hilo halituumizi, tusiandike tena neno "mila" juu ya jalada la vitabu vyetu.

Na nani amesema wakubwa hawakujua? Walijua sana, ila ujuzi wao ulikaa mkononi. Angalieni bendi za Kinshasa: gitaa tatu, kila moja na kazi yake. Moja akompanyema, moja solo, na katikati mi-solo. Tena wakabuni ile inaitwa mi-kompoze: wanatoa uzi wa nne, re, wanaweka mahali pake uzi mwembamba unaolia re ileile, lakini oktava moja juu. Mtu asiyejua re ni nini ataona tu kwamba uzi umebadilishwa. Mwenye kujua atasema: kumbe jina limebaki, sauti imepanda, na mkono unaweza kutembea kwenye sura zake za zamani ukitoa utamu mpya. Majina hayapunguzi heshima ya wakubwa. Yanatuonyesha akili yao ilikuwa kubwa namna gani.

Sababu ya tatu: noti zinaua moyo, mtu akianza kuhesabu, muziki unakauka. Tunaheshimu woga huu, maana uko na ukweli ndani. Tumewaona waliotoka masomoni na karatasi mkononi, wanajua majina yote, na mtu hawezi kucheza hata hatua moja kwa gitaa yao. Tena tunakubali kwamba jina halibebi kila kitu. Haliandiki ule mkono wa kulia unaozima uzi kidogo, wala ule uzito wa mapigo unaofanya wamama wasimame. Likembe za wakubwa wetu, nyingi hazikai sawasawa ndani ya do-re-mi. Lakini hebu tuulize: mtoto akijua jina la mama yake, anampenda kidogo? Mkulima wa Rutshuru akijua jina la kila aina ya maharagi, sahani yake inakosa utamu? Anayekauka kwa kujua majina alikuwa mkavu tangu mbele.

Sababu ya nne ni ya vijana wa leo: "Tuko na video kwa simu. Tunaangalia mkono, tunafuata." Ndugu zetu, hiyo ni ileile ya kuangalia mkono wa Papa, tofauti ni kwamba Papa wa video hawezi hata kuulizwa. Tena yule wa video anapiga nyimbo za mbali. Za kwetu nani amezirekodi? Umeme ukikatika na mega zikiisha, unabaki na vidole vinavyokumbuka nusu.

Na hapa tusiwalaumu vijana peke yao. Wako wakubwa wanaogeuza mgongo wakifika kwenye sehemu tamu ya wimbo, ili mtu asione. Wanasema ni siri ya kazi. Siri ya namna hiyo haimfaidi mtu. Inaingia kaburini na mwenyewe. Wako pia walimu wa muziki wanaomdharau mzee mbele ya wanafunzi kwa sababu haijui solfeji. Hao nao tunawapinga. Mzee ana wimbo, mwalimu ana majina. Kila mmoja akikaa na chake, mtoto anapata sufuri.

Basi, shingo ya gitaa inajifunzwaje? Tuseme wazi, maana mabishano bila kazi ni kelele. Kutoka ule mnene mpaka ule mwembamba, nyuzi sita zinaitwa mi, la, re, sol, si, mi. Kila chuma cha shingo kinafunga nafasi moja. Wapigaji wetu wanaiita kaze. Ukihesabu kaze 12, umerudi kwenye jina la uzi wenyewe, oktava moja juu. Nyuzi 6 mara kaze 12 ni nafasi 72. Kijana akisikia 72 anakimbia. Asikimbie! Majina yote ni 12 tu, na saba kati yake anayajua tangu korali. Kati ya jina na jina kuna kaze moja katikati, isipokuwa pawili: mi na fa zimeshikana, si na do zimeshikana. Ukishika hilo, unaweza kutembea juu ya uzi wowote: ule mnene, mi, kaze ya 1 fa, ya 3 sol, ya 5 la, ya 7 si, ya 8 do, ya 10 re, ya 12 mi tena.

Njia yetu ni juma moja, jina moja. Katika kaze 12, kila jina linakaa mara moja tu juu ya kila uzi, maana yake mara sita kwa shingo nzima. Chukua do. Kwenye mi mnene iko kaze ya 8. Kwenye la, ya 3. Kwenye re, ya 10. Kwenye sol, ya 5. Kwenye si, ya 1. Kwenye mi mwembamba, ya 8. Piga zote sita, sema jina kwa sauti, kila siku kabla ya kupiga wimbo wowote. Juma la pili re. Majuma saba yakiisha, majina makubwa yamekwisha, na yale matano ya katikati, diyezi na bemoli, yanajionyesha yenyewe. Asiye na gitaa asijitetee. Achore nyuzi sita kwa makaa juu ya ubao, aweke mistari ya kaze, atembeze kidole. Franco mwenyewe alianza kwa gitaa ya kujitengenezea, na watoto wa mitaa yetu bado wanatengeneza zao kwa bidoni na waya wa freni ya baiskeli.

Kuna mitego miwili ya hapa kwetu ambayo lazima tuitaje. Mtego wa kwanza ni korali. Katika korali nyingi, hasa za Kiprotestanti, do ni nyumba ya wimbo: wimbo ukihamia sauti nyingine, do inahama nao. Kwenye shingo ya gitaa do haihami, imekaa kwenye kaze zake. Vijana wengi wanaanguka hapo, wanasema solfeji ni uongo. Si uongo, ni do mbili. Sisi tunaziita "do ya wimbo" na "do ya shingo", na tangu tuanze kusema hivyo magomvi yamepungua.

Mtego wa pili ni kapo. Kijana anajua akordi tatu, do, fa na sol. Mwimbaji akipandisha sauti, anafunga kapo kaze ya pili, anaendelea. Yeye anasema "niko kwa do". Gitaa inalia re. Mpiga besi anaenda do, na kanisa zima linasikia vita. Kapo si dhambi, inasaidia. Lakini mwenye kufunga kapo bila kujua majina ni sawa mtu aliyehamia avenyu nyingine na bado anawapa wageni anwani ya zamani.

Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu wote, kwa ombi la Kongo zote mbili. Tulifurahi, tulicheza, tulipiga hotuba. Lakini heshima ile haijafundisha mtoto wa Mabanga hata noti moja. Urithi ulioandikwa kule mbali, na mwenye nyumba hawezi kuutaja jina, ni urithi wa namna gani?

Na mji wetu sio mji wa kuringia vidole. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikala nyumba na vyombo. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikala upande wa kaskazini. Vita vimetutawanya mara ngapi, tumechoka kuhesabu. Mahali pengine mwanafunzi anaweza kukaa na mwalimu miaka ishirini mpaka mkono uhamie mkononi. Sisi hatuna miaka ishirini ya kuahidiana. Gitaa inaungua, inaibwa, inabaki nyuma ya mlango. Jina linaondoka na mtu, halina uzito, na hakuna kizuizi cha barabarani kinachoweza kulikamata.

Kwa hiyo tunajidai sisi wenyewe kwanza, kabla ya kuwadai wengine. Shirika letu lisifanye tena sherehe ya mila bila kazi hii: kila mwaka, kila mzee mpiga gitaa aliye kati yetu akalishwe na kijana mmoja mwenye majina, mzee apige, kijana aandike, kisha kijana apige kilichoandikwa na mzee aseme "ndiyo" au "hapana, rudilia". Wimbo mmoja kwa mwaka, sehemu zake zote. Nakala moja ibaki kwa mzee, moja kwa kijana, moja iende nje ya mji. Si kazi ya pesa nyingi. Ni kazi ya daftari na uvumilivu.

Simu italia tena, sote tunajua. Kutakuwa mzee upande mmoja na kijana upande mwingine, na mtandao utakuwa mbaya. Siku hiyo kijana akiuliza, "Wapi, Papa?", tunataka apate jibu.